Le Salaire de la peur (1953): malori mawili, mzigo wa nitrogliserini, na ile saa ya kwanza mnayoiruka

Kibanda Umiza

Wakuu, kwenye ule uzi wa muvi za kutia presha bila majini wala misumeno, kuna mdau alitaja hii filamu ya Kifaransa, Le Salaire de la peur, yaani Mshahara wa Hofu. Akajibiwa hapohapo: inachosha, saa nzima hakuna kinachotokea, peleka mbele mpaka malori yanapowashwa. Nimeona niifungulie uzi wake kabisa, maana ushauri huo ndio unaoiua. Ukiiruka saa ile, utabaki unaangalia wanaume wanne wanaendesha malori polepole.

Tahadhari: nasimulia mpaka mwisho. Filamu ina zaidi ya miaka 70, asiyetaka kujua nani anakufa aishie hapa.

Aliyeiongoza ni Henri-Georges Clouzot. Nyeusi na nyeupe, karibu saa mbili na nusu. Kisa kiko Las Piedras, kimji cha vumbi kwenye nchi isiyotajwa jina, Amerika ya Kusini. Wamejazana wageni waliokimbia kwao, Wafaransa, Waitaliano, Wajerumani, na hakuna hata mmoja mwenye nauli ya kuondokea. Ndege ipo, ila tiketi haikamatiki. Kazi hakuna, isipokuwa kwenye kampuni ya mafuta ya Wamarekani. Siku moja kisima cha kampuni kinalipuka na kuwaka moto, umbali wa kilomita kama 500. Kuuzima kunahitaji mlipuko mkubwa, na kilichopo ni nitrogliserini, kimiminika kinacholipuka kwa kutikiswa tu. Magari maalumu ya kuibebea hayapo. Kampuni inatangaza nafasi za madereva: dola 2,000 kwa kila atakayefika.

Mkurugenzi wa kampuni, O'Brien, anawaeleza wenzake kwa nini wachukuliwe hawa walala hoi wa mtaani badala ya wafanyakazi wa kampuni. Hawana chama cha wafanyakazi, hawana familia, wakilipuka hakuna atakayekuja kudai kitu. Anaitamka kama mtu anayepanga ratiba ya zamu.

Sasa hiyo saa ya kwanza. Filamu inaanza na mtoto nusu uchi, amewafunga mende kwa uzi, anawachezea na kuwatesa. Anapita muuza barafu, mtoto anaacha mende wake anamkodolea macho, hela hana. Akigeuka, tai ameshawachukua mende. Hapo hatujamjua hata mhusika mmoja. Nafasi ya mtoto, nafasi ya mende na nafasi ya tai zote zimeshaonyeshwa, na hakuna aliyesema neno.

Halafu tunakaa baa. Tunaangalia watu wanavyokaa tu. Yves Montand ni Mario, kijana mtanashati asiye na mbele wala nyuma, ametunza ukutani tiketi ya metro ya Paris. Anaingia Jo, yaani Charles Vanel, mzee wa mjini, suti nyeupe, ana maringo ya mtu aliyewahi kuwa nazo. Mario anamganda kama utingo aliyepata tajiri mpya, anamtupa rafiki yake Luigi, fundi ujenzi Mwitaliano aliyekuwa akimlisha. Kuna ugomvi baa. Jo anamkabidhi Luigi bastola, anamwambia haya, piga. Luigi anashindwa, na mji mzima unajua bosi ni nani.

Luigi huyo ameambiwa na daktari kwamba mapafu yake yamejaa saruji, akiendelea na kazi hiyo anakufa. Mwingine, kijana anayeitwa Bernardo, anakosa nafasi ya udereva na anajinyonga. Someni hiyo tena: amekosa nafasi ya kubeba mzigo utakaomlipua, akajinyonga.

Ndiyo maana nasema saa ile hairukwi. Hofu yote ya barabarani imepakiwa pale. Gari linapoondoka usiku hujiulizi "kwa nini hawateremki wakakimbia?" Jibu umelikalia saa nzima.

Nitaendelea na safari yenyewe jioni. Mliowahi kuiona, karibuni.

---

Binti Makorora

Nimekaa siti ya mbele. Ila mkuu, mbona umemruka Linda? Mwanamke mmoja tu mwenye nafasi kwenye filamu nzima, na tunamkuta anasugua sakafu ya baa akiwa amepiga magoti. Mario anamchezea, anamfukuza, akining'inia kwenye lori kumzuia asiende anamsukuma chini. Mimi nusura niizime.

---

Kibanda Umiza

Dada, hilo silitetei. Anayecheza Linda ni Véra Clouzot, mke wa mwongozaji, mzaliwa wa Brazili, na amepewa kazi ndogo kuliko uwezo wake. Miaka miwili baadaye mumewe huyohuyo alimpa nafasi kubwa kwenye Les Diaboliques, pale ndipo utamuona hasa. Humu yeye yuko chini ya wale walio chini. Mario anaonewa na kampuni, naye anamwonea Linda. Nakubali kwamba filamu inalionyesha hilo bila kulikemea, na wengine mtaona ni upungufu.

---

Fundi Redio

Swali la kisayansi. Moto unazimwaje kwa kulipua? Si ndiyo unaongeza moto?

---

Kibanda Umiza

Moto wa kisima unawaka juu ya mdomo wa bomba, mafuta na gesi vinapanda kwa presha kubwa. Mlipuko unausukuma mwali mbali na mafuta na kuinyima hewa ile sehemu kwa muda mfupi, moto unakatika. Mafuta yanaendelea kuruka, ila hayawaki, na mafundi wanapata nafasi ya kuziba. Njia hiyo ilitumika kweli. Hata Kuwait 1991, visima zaidi ya 600 vilipochomwa na jeshi la Iraki lililokuwa likiondoka, baadhi vilizimwa kwa baruti. Cha mwisho kilidhibitiwa Novemba mwaka huohuo.

Kuhusu nitrogliserini, Clouzot hakupotezei muda na somo la kemia. O'Brien anawaonyesha madereva kwa tone moja tu, linadondoka, linalia kama risasi. Basi. Toka hapo kila jiwe la barabarani unaliogopa wewe uliyekaa kwenye kochi.

---

Kibanda Umiza

Sehemu ya pili, safari.

Malori mawili. La kwanza Mario na Jo. La pili Luigi na Bimba, Mjerumani mpole ambaye baba yake alinyongwa na Wanazi na yeye akapelekwa kufanya kazi kwenye mgodi wa chumvi. Yanaachiana nafasi, ili moja likilipuka lisiondoke na jingine. Na jambo la pembeni: Jo hakuwa amechaguliwa, alikuwa wa akiba. Aliyechaguliwa hakutokea saa ya kuondoka, akatokea Jo. Hakuna anayeuliza kwa sauti yule mwingine yuko wapi.

Mtaona Clouzot hana haraka ya kukushtua. Kwanza anakuonyesha kazi inavyotakiwa kufanyika, hatua kwa hatua, mpaka unajua kinachoweza kuharibika. Kisha anawaacha waifanye. Muziki njiani karibu hamna. Unasikia injini, gia, na wanaume wanapumua.

Chukueni ile kona ya mlimani. Ni kali, lori haliwezi kuikata kwa mkupuo mmoja. Inabidi lirudi rivasi juu ya jukwaa la mbao lililojengwa juu ya bonde. Mbao zimeoza, zinateleza. Mario yuko kwenye usukani, Jo yuko nyuma ndiye macho yake. Jo anaogopa, anasogea mbali, anamwacha mwenzake anarudi nyuma bila jicho. Lile bosi la baani, lililompa mtu bastola likamwambia piga, limekwisha pale. Vanel alikuwa na miaka kama 60 wakati huo na analiigiza anguko hilo kwa mabega tu. Wanasema Jean Gabin aliikataa nafasi hiyo, hakutaka watazamaji wamwone mwoga. Vanel akatajwa rasmi kwa uigizaji wake kwenye tamasha la filamu la Cannes.

Halafu lile jabali. Jiwe kubwa limeziba njia. Bimba anasema tutalipasua kwa mzigo wetu wenyewe. Wanachimba tundu. Anachota nitrogliserini kwenye chupa ya chai, anaiteremsha kwenye tundu taratibu kwenye fimbo, ili isidondoke. Kisha ananing'iniza nyundo juu kwa kamba, na kamba ina utambi. Utambi ukiunguza kamba, nyundo inashuka. Dakika nyingi za filamu ni mikono ya mtu mmoja na jasho lake. Wengine wamejificha. Jiwe linapasuka, vipande vinanyesha, na wewe akili yote iko kwenye lori: je, kuna kitakachoangukia mzigo? Hakuna. Basi wanaume wanasimama wakicheka, wanakojoa kwa pamoja. Sijawahi kuona furaha ya kubaki hai ikionyeshwa kwa ukweli kuliko hapo.

Na sasa lile tukio. Wanaokwenda mbele ni Luigi na Bimba, wamechangamka, Bimba ananyoa ndevu huku gari linakwenda, anasema akiwa maiti awe maiti nadhifu. Tunarudi kwenye lori la nyuma. Jo anajisokotea sigara, tumbaku iko juu ya karatasi. Ghafla tumbaku inapeperuka kutoka kwenye karatasi. Kisha mwanga. Kisha sauti. Imekwisha. Hatuonyeshwi lori, hatuonyeshwi miili, wala hatuambiwi kilichosababisha. Watu wawili tuliowapenda kuliko wote wameondoka na upepo uliopuliza tumbaku ya mwoga.

Muvi za siku hizi zingekupa mlipuko huo kutoka kamera kumi na mbili.

---

Dereva Mstaafu

Vijana, mimi si mtu wa sinema ila mwanangu amenisomea huu uzi na jana akaniwekea hiyo picha. Niseme neno juu ya ile barabara ya mawimbi, mmeiruka.

Barabara ya vumbi ikipitiwa sana na kavu ikiwa kali, magurudumu yanaipiga mpaka inatoka mawimbi madogomadogo, bati tupu. Mimi nimeanza lori miaka ya themanini, Dodoma kwenda Singida mpaka Shinyanga, hiyo ndiyo ilikuwa barabara. Ukienda polepole sana unapanda na kushuka kila wimbi, sawa. Ukienda mwendo wa kati gari linatetemeka mpaka bolti zinalegea na meno yanagongana. Ukikanyaga ukafika mwendo fulani, gurudumu linaruka kutoka kichwa cha wimbi mpaka kichwa cha wimbi, gari linatulia kama lami. Lakini hapo breki huna na usukani huna, maana tairi haligusi chini vizuri.

Yule aliyetengeneza picha alijua. Anawaambia lazima maili 40 kwa saa au zaidi, la sivyo wende kama wanatambaa. Na akaweka gari moja linatambaa na jingine linakuja nyuma yake na kasi ile, haliwezi kusimama. Niliinuka kwenye kiti.

Na huyo Jo pale kwenye mbao. Sisi utingo aliyeondoka nyuma ya gari wakati unarudi rivasi hakupanda tena. Hata umbembeleze vipi tajiri.

---

Kibanda Umiza

Shikamoo mzee wangu. Umeueleza mkasa huo vizuri kuliko kitabu chochote cha sinema nilichosoma. Na ujuzi huo hakuutunga Clouzot kutoka hewani. Filamu imetokana na riwaya ya Georges Arnaud ya mwaka 1950. Jina lake halisi Henri Girard. Mwaka 1941 baba yake, shangazi yake na mtumishi waliuawa kwenye nyumba ya familia. Akashtakiwa yeye, akakaa ndani, akaachiwa huru mahakamani 1943. Akatapanya urithi, akaenda Amerika ya Kusini, akafanya kazi za kubangaiza na udereva wa malori. Alipoandika juu ya watu waliokwama mbali na kwao bila nauli, alikuwa anaandika aliyoyaishi.

Clouzot naye alikuwa na yake. Ujanani alilazwa miaka kadhaa kwa kifua kikuu. Mkikumbuka Luigi na mapafu yake ya saruji, mtaelewa kwa nini ile kliniki inaonyeshwa bila huruma za bandia. Halafu 1943, Ufaransa ikiwa chini ya Wajerumani, alitengeneza filamu ya Le Corbeau kwa kampuni iliyokuwa ya Wajerumani. Baada ya ukombozi akafungiwa kufanya kazi mpaka 1947. Binafsi naona hasira baridi ya filamu hii inatoka huko.

---

Dereva Mstaafu

Marahaba. Wakubwa zetu kazini walituhadithia ya kwao. Rhodesia (Zimbabwe ya leo) ilipojitangazia uhuru wa walowezi wa kizungu mwisho wa 1965, Zambia ilikatiwa mafuta. Mafuta yakaanza kupelekwa kwa malori kutoka Dar, Morogoro, Iringa, Mbeya, Tunduma, mapipa yamepangwa nyuma. Barabara sehemu kubwa ilikuwa ya udongo, masika ni tope, kiangazi ni hayo mawimbi. Wazungu waliita njia ya jehanamu. Mpaka bomba la TAZAMA, la kutoka Dar, lilipoanza kupeleka mafuta Ndola, 1968. Waliokwenda walikuwa vijana wenye shida ya hela, kama hao wa kwenye picha.

---

Nyali Boy

Wadau, mimi niko Mombasa, nimeiona yote jana usiku. Kazi safi, hasa pale kwenye dimbwi la mafuta. Lakini ule mwisho mimi nimeukataa. Mtu amepita nitrogliserini, amepita jabali, amefikisha mzigo, analipwa, halafu anakufa kwa kucheza na usukani? Hiyo ni director kutaka tu watu walie.

---

Kibanda Umiza

Kabla sijakujibu, niwakumbushe wengine hilo dimbwi. Mlipuko wa lori la mbele umeacha shimo na umepasua bomba, shimo linajaa mafuta ghafi. Jo anatembea ndani mbele ya gari kuonyesha njia. Anateleza, ananasa. Mario akisimama gari litazama, hatatoka tena. Anamwona. Anaendelea. Gurudumu linapita juu ya mguu wa mtu aliyekuwa shujaa wake. Montand na Vanel walikaa kwenye uchafu ule kweli, na inasemekana macho yao yaliugua.

Baadaye Jo anakufa kwenye lori, amelala begani kwa Mario, wanazungumzia mtaa mmoja wa Paris wanaoujua wote. Ulikuwa na uzio, na Jo maisha yake yote alijiuliza nyuma ya uzio kuna nini. Anakata roho akisema hakuna kitu. Mario anafika kisimani peke yake, anaanguka chini kwa uchovu.

Sasa mwisho. Analipwa fungu lake na la Jo, dola 4,000. Anarudi na lori tupu, redio inapiga Danube ya Buluu ya Strauss, anayumbisha gari kushoto kulia kwa mdundo wa waltz. Kule baani wamepata habari, nao wanacheza wimbo huohuo, Linda anazunguka. Picha inaruka huku na huku, baa, barabara, baa, barabara. Lori linatoka kwenye kona. Mkononi mwake ile tiketi ya metro.

Wewe unasema ni ya kulazimisha. Mimi naona ni hesabu tu. Mtu aliyeogopa njia nzima ameondolewa hofu kwa mkupuo, na hofu ndiyo iliyokuwa inaendesha lile gari.

---

Nyali Boy

Haya, lakini bado naona ni kuzidisha.

---

Dereva Mstaafu

Kijana wa Mombasa, nenda pale Kitonga, mlima wa kabla ya Iringa, ukaulize. Kutoka Dar na mzigo unaupanda ule mlima gia ya chini, mikono miwili, redio umezima mwenyewe bila kuambiwa. Kurudi ndiko unaushuka, na unarudi mtupu. Gari jepesi, breki zinashika vibaya tofauti na ulivyozoea, posho iko mfukoni, umeshapiga simu nyumbani. Wenzangu niliowazika wawili walikuwa wanarudi, si wanakwenda.

---

Binti Makorora

Mzee, poleni sana. Fungua uzi wako wa simulizi za barabarani, tutakuja wote.

Kibanda, nieleze moja: hiyo Las Piedras ni Venezuela au wapi walikokwenda kupiga picha?

---

Kibanda Umiza

Ni Ufaransa kusini, dada! Walijenga kimji chao Camargue, karibu na Arles, kwenye eneo la Saliers. Palikuwa kambi ambako serikali ya Vichy, ile ya Wafaransa walioshirikiana na Wajerumani, iliwafungia Waroma (wale wanaoitwa Wajipsi) kati ya 1942 na 1944. Kuta zile ambazo kwenye filamu ni makazi ya watu waliokwama ziliwahi kuwa za watu waliozuiwa kweli. Walianza 1951, mvua zikaharibu ratiba, wakamalizia 1952. Ilipotoka ilichukua tuzo kubwa Cannes na Dubu wa Dhahabu Berlin mwaka mmoja, 1953.

Kwa wanaotafuta nakala: angalieni urefu. Marekani iliingia ikiwa imekatwa, vipande vilivyoonekana vinaishambulia kampuni ya mafuta viliondolewa, na vingi viko kwenye hiyohiyo saa ya kwanza. Mkikuta ya saa mbili au pungufu, iacheni. Kisa hiki kimerudiwa pia: ya William Friedkin ya 1977, Sorcerer, ni nzuri kwa njia yake na lile daraja la kamba ni balaa, ila itazameni baadaye. Hiyo mpya ya Netflix ya 2024 mimi niliacha katikati.

---

Fundi Redio

Nimeipata ya saa mbili na dakika ishirini na ushee, maandishi ya Kiingereza chini. Naanza na mende, sirushi kitu. Mzee Dereva, tunasubiri uzi.